Ta Karugendo, Aliyewajua Kunguni kwa Miguu Yao

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, mabalozi wa nyumba kumi, majirani na ndugu mliotoka Bukoba mjini na kule Rubafu, mvua imewanyeshea njia nzima na bado mmekuja, Mungu awape. Haya mtakayosikia yamesemwa na dada wa marehemu, Ma Theopista, ambaye darasani hakuingia lakini mambo ya ukoo huu anayo yote kichwani, hasa yale watu waliyogombania, na anayesoma ni mtoto wa marehemu, Mwijage, aliyeambiwa asome yote, hata pale anapotajwa yeye.

Marehemu Anselmi Karugendo alizaliwa hapa hapa Kamachumu, upande huu wa Muleba, padri ameandika mwaka 1901, mama yake yeye alikuwa akisema ni mwaka ule panzi wa senene walianguka mpaka kuku wakawachoka, na alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mushumbusi, nyuma yake akaja Theopista, basi. Alibatizwa mkesha wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1913. Shule yake ilikuwa ya katekismu, aliisoma miaka miwili, kusoma akajua, kuandika akajua jina lake tu, akasema linatosha kwa sababu mtu mwingine hawezi kulihitaji.

Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za msonge, zile za nyasi za mviringo walizokaa wazee wetu, alianza akiwa kijana mwaka 1919 kwa kuwapandishia mafundi nyasi, akaja kuwa fundi mkuu ambaye watu wa Nshambya mpaka Rubafu walimfuata, na huko juu kwenye paa ndiko alikojifunza wadudu. Fundi wa nyasi hulala na wadudu, hula na wadudu, akibomoa paa la zamani wanamwangukia shingoni, wengine huwapukuta na kuendelea, yeye alikuwa akiwaweka kwenye kiganja na kuwatazama. Alikuwa akisema kunguni si mmoja. Yupo wa kiota cha mbayuwayu, mdogo, ana manyoya kama kichwa cha mtoto mchanga, yupo wa popo, huyo ana miguu mirefu kwa sababu popo analala ananing'inia juu mwambani na wewe ukimtaka lazima umkimbilie, halafu yupo huyu wetu wa kitandani, manyoya yamepungua, miguu imefupika, mwili umekuwa bapa kama punje ya ulezi iliyokanyagwa. Ukimwuliza, "Ta Karugendo, kwa nini wa kwetu yuko hivyo?" atakujibu, "Akimbilie wapi? Chakula kinakuja chenyewe, kinavua shati, kinazima taa, kinamfunika na blanketi." Na chawa naye alimsema, kwamba yule wa nguo ni mkubwa kuliko wa kichwani, tangu tulipoanza kuvaa shuka amepata uwanja akanenepa. Watoto walikuwa wanamzunguka kusikiliza, wanawake walikuwa wanajikuna.

Tarehe 6 Februari 1926 alifunga ndoa na Immakulata, mama yetu aliyetangulia miaka minne iliyopita, mwanamke wa sauti, mnamkumbuka, akiita mbuzi Kamachumu mbuzi wa Kagondo wanageuka. Mungu aliwajalia watoto watano, wawili walikufa wadogo, wakabaki mabinti wawili na kitinda mimba Mwijage, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1937, ambaye ndiye mvulana peke yake, na kwa ajili yake yalitokea haya ambayo familia imeona yasemwe, kwa sababu wapo wanaoyajua nusu, na nusu ya jambo ni mbaya kuliko jambo lenyewe.

Mwaka wa Uhuru watu wote walikuwa wanataka mambo mapya, na Karugendo, fundi wa nyasi, alikuwa wa kwanza kitongoji kizima kusema mwanawe haoi ndani ya nyasi, akajenga nyumba ya mabati pale kibanjani kwenye migomba, mnaiona, ile yenye mlango wa bluu. Akasema tena mwanangu halali chini kwenye mkeka, atalala kitandani, kitanda cha mbao za mvule. Mbao akazipata mapema, mwezi wa tano mwaka 1961, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu desturi yetu mnaijua, mbao zikikaa nyumbani kwa mtu na jirani akafiwa, jirani anakuja kuziomba za jeneza, na huwezi kumnyima, utamwambia nini? Basi Karugendo usiku usiku, hakumwambia mke, hakumwambia dada yake, akazipeleka pangoni, kule chini ya mwamba wanakolala popo, akaziegemeza humo zikauke, mvua isizifikie na macho ya watu yasizifikie.

Mwezi wa tisa jirani yake akafa, Mzee Byabato, rika lake, waliotaniana na kuchekana tangu utoto. Mtoto wa Byabato, Rugaibula, akaja kama desturi inavyosema, akasimama mlangoni akasema, "Ta, tunasikia ulikuwa na mbao." Karugendo akajibu, "Mwanangu, zilikuwepo, zimeliwa na mchwa." Mzee Byabato akazikwa kwenye mkeka, na Karugendo alikuwa mmoja wa waliombeba, alishika upande wa miguu. Baada ya matanga akazitoa mbao pangoni usiku, akachonga kitanda, akasema ni za mbao nyingine.

Harusi ya Mwijage ilifungwa Jumamosi tarehe 13 Januari 1962, mwali akiwa Kokuhirwa, binti wa Mzee Kamugisha wa Rubafu, na mshenga alikuwa huyo huyo Rugaibula, alikwenda Rubafu mara nyingi mpaka mbwa wa kule wakaacha kumbwekea. Mwali akaingizwa ndani kama ilivyo desturi, akae, asilime, asitoke, anenepe, na Theopista akawekwa kukaa naye. Badala ya kunenepa akaanza kuvimba. Mikono, shingo, mgongo, vipele mstari kwa mstari, na Mwijage naye hivyo hivyo, asubuhi wanatoka wamejikuna kama waliopita kwenye upupu. Immakulata akageuza godoro la majani, akawaona kunguni, akapiga kelele ambayo sasa mnaweza kuikadiria.

"Mawe, mama wee! Miaka thelathini na sita nimekaa mji huu, kunguni nawahesabu kwa majina, hawa sijawahi kuwaona! Wamekuja na mkeka wa Rubafu!"

Ikawa ndiyo habari. Kisimani, kanisani, kwenye kuanika kahawa, kila mahali ni mwali wa Rubafu kaleta kunguni, wengine wakaongeza kwamba watu wa ziwani wanalala na nyavu ndiyo maana, wengine wakasema ni uchawi wa mama yake. Immakulata akasema huyu anarudi kwao, na mkeka wake, na wadudu wake, kabla nyumba mpya haijaoza. Mwijage, aliyesimama hapa akisoma, alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kokuhirwa mwenyewe hakulia. Alikuwa msichana wa senene, kwao alikuwa akichambua senene tangu ana meno ya maziwa, ang'oe mbawa, ang'oe miguu, sisi wanawake wakati ule tulichambua na tukawapa wanaume wale, sisi tulikatazwa kuwaonja, siku hizi ninyi wasichana mnakula wenyewe na hamkohoi, na mtu aliyeng'oa miguu ya senene miaka yote hiyo mguu wa mdudu hauwezi kumpita. Akawakamata kunguni kama kumi, akawaweka juu ya jani la mgomba, akamwita Theopista.

"Shangazi, tazama. Kunguni wa kwetu nawajua, wananijua. Ni wafupi. Hawa wana miguu ya kukimbia, na wana manyoya."

"Sasa ni wa nani, mwanangu?"

"Sijui, Shangazi. Wa kwetu si hawa."

Theopista akampelekea kaka yake lile jani, mwali asingeweza kumpelekea baba mkwe mwenyewe, akamwambia wewe ndiye fundi, wewe ndiye unajua wadudu wa nyumba, mke wako anasema ni wa Rubafu, mtoto anasema si wa kwao, amua. Karugendo akalichukua jani akasogea mlangoni kwenye mwanga. Akatazama. Dada mtu anasema aliona masikio yake yakishuka. Akasema, "Nitawatazama vizuri kesho," na yeye hakuwahi kumtazama mdudu mara mbili tangu azaliwe.

Kesho yake akachukua mundu akaaga anakwenda kukata nyasi, nyasi za nini na nyumba ni ya mabati, akaenda pangoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye, kwamba aliinua macho mwambani akawaona, wale wale, miguu mirefu, wamekaa kwenye nyufa chini ya popo kama watu wanaosubiri ibada, na pale chini alama ya mbao zake bado ipo kwenye vumbi. Akakaa juu ya jiwe. Hakuna mtu mwingine kitongoji chote aliyejua kutofautisha kunguni wa popo na wa mtu, angesema neno moja tu, ni wa Rubafu, na yangekwisha, binti angerudi, mke angenyamaza, mbao zingebaki zimeliwa na mchwa. Na angesema kweli, Rugaibula angesikia. Akakaa pale mpaka nyasi akasahau kukata, akarudi na mundu mkavu, Immakulata akamwuliza, "Nyasi ziko wapi?" akajibu, "Zimekataa."

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili tarehe 11 Februari 1962 baada ya misa, ndani ya nyumba ya mabati, wazee kwenye viti, wanawake chini, Kokuhirwa na Theopista nyuma ya pazia, mkeka wa mwali umeshakunjwa na kufungwa kamba, umesimamishwa pembeni ya mlango kama mtu anayesubiri gari. Rugaibula alikuwepo kama mshenga, amevaa koti, kwa sababu yeye ndiye ambaye angemrudisha. Zikatafunwa buni za kahawa, akasemwa huyu, akasemwa yule, kisha mzee mmoja wa ukoo akasema tusipoteze siku, fundi yupo, jani lile liletwe, Karugendo aseme wadudu hawa ni wa wapi.

Immakulata akamnong'oneza, nyumba nzima ikasikia, "Sema ni wa Rubafu tumalize, chakula kinapoa."

Karugendo akashika jani. Akaliinamisha kuelekea mwanga, kunguni mmoja akaanguka, na wazee wote wakainua miguu.

Akasema, "Huyu hajawahi kulala na mtu. Tazameni miguu. Aliyelala na mtu hana haja ya miguu hii. Huyu amezaliwa na popo."

"Popo gani, Ta Karugendo?" akauliza yule mzee. "Nyumba ni mpya, ya bati, hata mjusi bado hajahamia."

"Wamekuja na kitanda."

"Kitanda si ulichonga wewe?"

"Nilichonga mimi. Mbao zilikaa pangoni."

Ndipo Rugaibula akageuza shingo, polepole, akasema, "Ta. Mbao zipi? Mbao si zililiwa na mchwa?"

Karugendo akavua kofia, mtu mzima wa miaka sitini na moja mbele ya kijana, akasema, "Mchwa ni mimi, mwanangu."

Rugaibula akasimama, akasema neno moja tu, "Baba yangu ulimbeba wewe, ukashika miguu," akatoka nje, akaingia migombani. Watu wakaogopa kafuata panga. Karugendo hakukaa, hakuvaa kofia, alibaki amesimama pale pale mpaka Rugaibula aliporudi, macho mekundu, mikono mitupu, akasema sitakusamehe leo, nitakusamehe nikiweza, lakini mimi ni mshenga na kazi yangu haijaisha, huyu binti ametukanwa kisimani na kanisani, basi wewe mwenyewe utakwenda Rubafu kwa miguu yako kumsafisha kwa baba yake, na mimi nitakwenda na wewe nisikie unavyosema, na pombe ya ukoo mzima wa Byabato utaitoa. Karugendo akasema, "Nimekubali." Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mwali, ambaye hakutakiwa kusema, akasema, "Basi mkeka wangu ufunguliwe," watu wakacheka mpaka wazee wakafuta machozi, na aliyekwenda kuifungua ile kamba alikuwa Mwijage, alikuwa mwepesi siku hiyo, tangu hapo hajawahi kuwa mwepesi tena.

Safari ya Rubafu waliifanya wiki iliyofuata, wawili, njia nzima hawakusemezana, walipofika Karugendo akasimama mbele ya Mzee Kamugisha akaeleza yote, popo, mbao, Byabato, hakupunguza kitu. Mzee Kamugisha alisikiliza, akavuta kiko, akasema, "Mkwe, nimesikia baba wakwe wanaoleta maneno, lakini anayetembea toka Kamachumu kuja kuniambia kwamba kunguni ni wake, wewe ni wa kwanza," akawachinjia, wakala samaki juu yake, wakarudi. Kurudi walisemezana. Rugaibula alisamehe mwaka uliofuata, siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Kokuhirwa, ambaye baba yake wa ubatizo ni yeye, na pombe ilinyweka siku tatu.

Kile kitanda Karugendo alikifungua ubao kwa ubao akakichemshia maji, na waliosalia kwenye nyufa hawakudumu, walikuwa wanauma kwa njaa lakini nyumba ya watu haikuwafaa, alikuwa akisema mwenye miguu ya pangoni hawezi maisha ya blanketi, anachoka na kutafuta dari ambayo haipo. Kunguni wa kawaida walikuja baadaye, wenyewe, hao Immakulata aliwapokea bila kelele, akasema hawa angalau ni wa ukoo.

Baada ya Azimio, mwaka 1968, serikali ilimleta kwetu bwana afya kijana, Burhani, wa kupuliza dawa kwenye nyumba, naye alikuwa na kioo cha kukuzia vitu vidogo. Wakapatana siku ya kwanza. Karugendo alipotazama kunguni kwenye kile kioo alipiga makofi kama mtoto, "Mawe! Ana vishina vya mbawa!" na Burhani akamweleza kwamba hao wote, wa popo na wa mbayuwayu na wa kwetu, wazazi wao wa zamani sana waliruka, mbawa zikaisha kwa kutokuwa na kazi. Karugendo hakulala, asubuhi akaja kwa Burhani kabla ya chai akamwambia, "Sasa nimeelewa. Kwanza aliacha mbawa, akiwa bado kwa popo. Alipofika kwetu akapunguza miguu na manyoya. Bwana Burhani, tukiendelea kumlisha atabaki mdomo na tumbo." Burhani akamwambia, "Mzee, hiyo ni miaka maelfu." Akajibu, "Mimi naijua familia yangu, inaweza kuwa mapema zaidi."

Kijiji kilipopangwa mwaka 1974, nyumba zikawekwa mstari, wao wawili walipita nyumba kwa nyumba kabla watu hawajahama, wakifungua mikeka na kugonga nguzo za zamani, na alikuwa akiwaambia watu hadharani, bila kuulizwa, habari ya mbao zake na pango, ili wasije wakabeba kitu bila kujua kimelala wapi. Vijana walicheka. Yeye alicheka nao.

Kuumwa alianza mwezi wa kumi mwaka jana, kifua, kisha miguu kuvimba, tukampeleka hospitali ya misheni, akarudi, akarudishwa tena baada ya Pasaka. Mabinti zake walitaka kukaa naye, akawakatalia, akasema mleteni Kokuhirwa, huyo ndiye anayejua kutazama. Desturi inasema mkwe asikaribiane na baba mkwe hivyo, akasema desturi hiyo aliimaliza mwenyewe mwaka 1962. Kokuhirwa akamwosha, akamlisha, akamtajia waliokuja kumsalimu. Sista mmoja mgeni alimwuliza, "Mzee, huyu ni binti yako?" akasema, "Huyu ilibaki kidogo nimrudishe kwao." "Kwa kosa gani?" "Kosa langu." Sista hakuelewa, Kokuhirwa alicheka mpaka akaangusha uji.

Ijumaa tarehe 16 Mei 1975, saa kumi na moja alfajiri, alifariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kokuhirwa, akiwa amepokea sakramenti zote, ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, na dada mmoja mwenye kumbukumbu.

Familia inawashukuru waganga na masista wa hospitali, Baba Paroko, bwana afya Burhani aliyekuja kwa baiskeli toka Bukoba, mwenyekiti na kijiji kizima, mafundi wa nyasi wachache waliobaki, ndugu zetu wa Rubafu walioleta ndizi na samaki, na kwa namna ya pekee ukoo wa Mzee Byabato, kwani Rugaibula na wanawe wamechimba kaburi hili tangu jana bila kuombwa.

Ma Theopista anasema aongeze moja, halafu basi. Siku ile kaka yake angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Angenyamaza, anayesoma hapa angekuwa na mke mwingine, au angekuwa bado anapasua kuni, na wale watoto wanne waliokaa pale mbele na mama yao wasingekuwepo, nani angetuimbia leo? Wasimame tuwaone.

Ta Karugendo, kaka, baba, mkwe, pumzika kwa amani, hakuna tena anayekudai neno.